Kukusanya picha na makaratasi ya zamani Uganda: anza na upande wa nyuma

Mtu akikupa picha ya zamani, igeuze kwanza. Mbele utaona kijana amevaa suti, mkono mmoja juu ya meza ndogo yenye maua ya plastiki, na huyo anaweza kuwa kijana yeyote kutoka Arua hadi Kabale. Habari ziko nyuma: muhuri wa studio wenye jina la mji na sanduku la posta, maandishi ya wino uliofifia, "Kwa dada yangu mpenzi, Krismasi 1966", pengine na mabaki ya gundi yanayoonyesha kwamba ilikuwa kwenye albamu kabla ya kubanduliwa. Sasa unao mji, mwaka na ndugu wawili. Wakusanyaji wengi wapya hutazama sura, wakalipa, wakaondoka. Mwongozo huu ni wa kukuzoesha kutazama nyuma, kisha kumsikiliza mwenye picha kabla hajasahau anachokijua.

1. Chagua kona yako

Ukisema unakusanya "vitu vya zamani" nyumba itajaa kabla hujajua unachotafuta. Shika kitu kimoja, au mji mmoja. Kuna picha za studio, kuna postikadi za mbuga na hoteli, kuna risiti za vyama vya ushirika vya kahawa na pamba, kadi za vyama vya siasa, programu za arusi na mazishi, lebo za sabuni na majani ya chai. Kuna zile tiketi za kodi ya kichwa zilizowabana hasa wanaume mpaka kodi yenyewe ikasimamishwa mwaka 2005. Mzee aliyewahi kujificha kwenye migomba kuwakwepa watoza kodi atakusimulia mengi ukimwonyesha moja.

Mimi nimeshika makaratasi ya reli, kuanzia Tororo kuja Jinja hadi Kampala. Sababu yangu ni nyepesi: kwenye kota za reli watu wa makabila mengi walizungumza Kiswahili, kwa hiyo wazee wake nawaelewa na wao wananielewa. Nawe chagua eneo ambalo tayari una lugha yake na watu wake. Kupata karatasi bila mtu wa kukueleza ni kazi nusu.

2. Pa kutafuta

Anza nyumbani kwenu. Sanduku la chuma lililo chini ya kitanda cha nyanya lina mengi kuliko duka lolote, na hakuna atakayekuuzia bei ya mgeni.

Baada ya hapo nenda kwenye studio za picha za zamani, hasa katika miji midogo ambako mwenye studio ni mtoto wa aliyeianzisha. Uliza habari za negativu, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo. Simu zilipoua kazi ya studio, maboksi ya negativu yalisukumwa stoo, na stoo ikihitajika yanachomwa moto. Uliza pia kuhusu makosa na mabaki. Kule Gulu, Gulu Real Art Studio ilikuwa ikimpiga mteja picha kubwa akiwa ameketi, kisha inakata uso peke yake kwa ajili ya kitambulisho. Kilichobaki ni mwili wenye tundu la mraba mahali pa kichwa: mikono juu ya magoti, gauni la kanisani, mtoto mchanga aliyepakatwa. Mabaki hayo yalikuwa takataka mpaka mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, alipoyakusanya yakawa kitabu na maonyesho nje ya nchi. Nayataja ili ujue kwamba ndoo ya taka ya studio ni mahali halali pa kutafuta.

Kampala, pita Nasser Road na Nkrumah Road, mitaa ya wachapaji. Omba kuona droo za sampuli: kadi za arusi, risiti, mabango ya matamasha, na zile kalenda zenye picha za viongozi zilizounganishwa kwa ujanja wa kompyuta. Kalenda ya mwaka jana haina thamani kwa mtu leo, na ndiyo sababu hupewa bure. Owino, yaani Soko la St. Balikuddembe, pamoja na wauza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara, fungua vitabu na upekue kurasa. Watu waliweka alama ya kusomea kwa chochote kilichokuwa karibu, na mara nyingi kilikuwa tiketi ya basi au barua. Jenga urafiki pia na wanunuzi wa karatasi taka wanaopima kwa kilo. Na unaponunua karanga za kufungiwa, soma karatasi kabla ya kuitupa. Mimi sioni aibu.

Postikadi ni habari nyingine. Hazikununuliwa hapa ili zibaki hapa. Msafiri, mmisionari au ofisa wa serikali ya kikoloni alizituma Ulaya, na huko ndiko ziliko mpaka leo. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, walifika Buganda mwaka 1877, Wakatoliki wa White Fathers 1879 na wa Mill Hill 1895, na mashirika ya kimisionari yalichapisha kadi za kuchangishia fedha kwa waumini wa kwao. Kwa hiyo postikadi ya Entebbe ya mwaka 1910 utaipata kwa urahisi zaidi kwenye mnada wa mtandaoni nchini Uingereza kuliko Entebbe yenyewe. Hesabu nauli ya posta na ushuru kabla ya kubofya.

3. Kuongea na mwenye picha

Usifike na pesa mkononi. Fika na salamu, kaa, kunywa chai, na uombe kuonyeshwa tu. Waganda wa Buganda, Wanubi wa Bombo, Wasamia wa Busia, wote wana namna yao ya heshima, na picha ya marehemu haishikwi kwa haraka mahali popote.

Swali la "mwaka gani?" halizai kitu. Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka mambo. Uliza kwa njia ya kuzunguka:

"Haji, huyu aliyesimama kulia ni nani?"

"Huyo ni kaka wa mama yangu, fundi wa injini. Tulipiga siku ya Idi, kabla hajahamishiwa Nakuru."

"Wewe ulikuwa umeshaoa?"

"Bado. Nilioa mwaka ule Wahindi walipofukuzwa."

Hapo umepata: Wahindi walifukuzwa mwaka 1972, amri ikatolewa Agosti na kuwapa siku 90. Picha ni ya kabla ya hapo, Haji ni kijana bado, na mjomba alikuwa wa reli ya Afrika Mashariki maana alihamishwa hadi Kenya. Ziara za kifalme na za Papa zinasaidia vilevile. Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls hapa Jinja Aprili 1954, na Papa Paulo wa Sita alikuja mwaka 1969. Uliza tu, "Papa alikuwa ameshakuja?"

Andika majibu pale pale, kwa maneno ya msimuliaji mwenyewe, au mrekodi kwa simu akikubali. Kisha uamue juu ya picha. Rai yangu ni hii: picha ya familia, skani na uirudishe. Ndivyo wanavyofanya History in Progress Uganda, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na Rumanzi Canon na Andrea Stultiens. Wanapiga nakala za dijitali, asili inabaki kwa wenyewe. Ununue tu kile ambacho mwenyewe anataka kiondoke: kadi za biashara, tiketi, risiti, picha za watu wasiojulikana na mtu yeyote nyumbani. Ukimpa mjane shilingi elfu ishirini kwa picha pekee ya mumewe, wanawe watakutafuta, na watakuwa na haki.

4. Kujua umri wa karatasi

Hapa ndipo utamu ulipo, nami sitaharakisha.

Kwanza tafuta kama ni picha halisi au imechapwa mashineni. Tumia lenzi ya kukuza, au kamera ya simu ukiisogeza karibu sana. Ukiona vidoti vilivyopangwa kwa safu, ni uchapishaji wa kiwandani. Ukiona kijivu kinachoteleza bila vidoti, ni picha iliyosafishwa kwa dawa kwenye chumba cha giza. Postikadi ziko za aina zote mbili, na zile za picha halisi kwa kawaida ni chache zaidi. Iinamishe pia kwenye mwanga wa dirisha: picha za zamani za nyeusi na nyeupe mara nyingi huwa na mng'ao wa fedha sehemu zenye giza, hasa pembeni. Hiyo ni fedha yenyewe ya kwenye karatasi imepanda juu, na ni dalili nzuri ya umri. Mtu aliyepiga nakala juzi kwenye karatasi ya maabara hawezi kuigiza hilo kirahisi.

Pili, upande wa nyuma wa postikadi. Zile za mwanzo kabisa zilikuwa na nafasi ya anwani tu, na ujumbe uliandikwa mbele, ukizunguka picha. Uingereza iliruhusu mstari wa kugawa nyuma mara mbili mwaka 1902, nchi nyingine zikafuata. Kadi yenye mstari, basi, ni ya baada ya hapo.

Tatu, stempu. Hata kama muhuri wa posta hausomeki, stempu inasema. Kutoka 1903 zilikuwa za Afrika Mashariki na Uganda kwa pamoja, miaka ya 1920 zikawa Kenya na Uganda, kuanzia 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika. Kichwa cha mfalme kinabana muda zaidi: George wa Tano alifariki 1936, George wa Sita 1952. Stempu za Uganda huru zilitoka Oktoba 1962, lakini zile za pamoja ziliendelea kutumika bega kwa bega nazo katika miaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Nne, fedha. Risiti ya rupia ni ya kabla ya 1920. Mwaka huo ikaja florini, na 1921 shilingi ya Afrika Mashariki. Shilingi ya Uganda ilianza 1966. Mei 1987 sifuri mbili ziliondolewa, kwa hiyo risiti mbili za duka moja, za mwaka mmoja, zinaweza kupishana bei mara mia na zote zikawa za kweli.

Tano, majina. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa serikali zetu zimependa kubadili majina. Postikadi ya kiboko iliyoandikwa Queen Elizabeth National Park ni ya 1954 au baadaye, maana hifadhi ilianza 1952 kwa jina la Kazinga. Ikiandikwa Ruwenzori National Park, ni ya kuanzia zama za Amin mpaka 1991, jina la malkia liliporudi. Ramani yenye Ziwa Idi Amin haihitaji maelezo. Gazeti likiitwa Uganda Argus ni la kati ya 1955 na mwanzo wa utawala wa Amin, na Voice of Uganda ndilo lililolirithi mpaka 1979. Kwa upande wangu wa reli: tiketi ya K.U.R. (Kenya and Uganda Railway) ni ya kabla ya 1948, E.A.R. & H. (East African Railways and Harbours) ni 1948 hadi 1969, E.A.R. peke yake inaishia 1977 jumuiya ilipovunjika, na baada ya hapo ni Uganda Railways. Tiketi zenyewe ni vipande vya kadibodi ngumu, vidogo kama dole gumba la mtu mzima. Tarehe iligongwa kwa mashine ukingoni, na wino ulipokwisha karani aliendelea kugonga vivyo hivyo. Utaona kama hakuna kitu. Ishike sambamba na jicho, mwanga utoke ubavuni, na tarakimu zitatokea kama makovu madogo.

Mavazi ni ushahidi dhaifu. Watu watakwambia sketi fupi ni ya kabla ya 1972, Amin alipoipiga marufuku, na kwa picha za barabarani inasaidia. Ndani ya studio, nyuma ya pazia lililochorwa ndege na ngazi za kasri, watu walivaa walichotaka.

5. Bei, feki, na visivyonunuliwa

Bei haina mwongozo rasmi hapa nchini. Kinachopandisha ni maandishi ya nyuma, mji unaojulikana, tukio linalotambulika na karatasi isiyochanika. Picha ya studio isiyo na lolote nyuma isikutoe jasho.

Kuna kitu kimoja lazima uambiwe. Stempu za kwanza za Uganda zilipigwa kwa taipureta mwaka 1895 na mmisionari Ernest Millar huko Mengo, bei yake ikiwa kwa kauri, wale simbi waliotumika kama fedha. Ni miongoni mwa stempu zinazotafutwa sana duniani, na kwa kuwa ni herufi za taipureta kwenye karatasi nyembamba, feki zimejaa tangu zamani. Mtu akikuletea sokoni, mshukuru na uendelee na safari.

Usinunue karatasi yenye namba ya faili la serikali, matundu ya kamba ya jalada na muhuri wa ofisi ya wilaya, hata ikiwa nzuri namna gani. Hiyo imetoka mahali ambapo haikupaswa kutoka, na mahali pake ni makavazi ya taifa pale Wandegeya. Fomu za hospitali na vitambulisho vya watu walio hai pia viache. Tuna sheria ya faragha ya mwaka 2019.

6. Skani na uandike

Skani pande zote mbili. Narudia kwa sababu hakuna afanyaye hivyo. Picha ya kawaida weka 600 dpi (vidoti kwa inchi), negativu 2400 au zaidi, na uhifadhi faili la TIFF kama asili, JPEG kwa kutumiana WhatsApp. Huna skana? Kaa mlangoni penye kivuli, zima flashi, weka picha juu ya kitambaa cheusi na simu iwe sambamba nayo.

Jina la faili liwe na mwaka, mji, mada na namba, kwa mfano 1968_Tororo_reli_014a kwa mbele na 014b kwa nyuma. Mwaka ukikisiwa, weka herufi k mbele yake. Daftari la kawaida la shule linatosha kuorodhesha: kimetoka kwa nani, lini, wapi, kilisemwa nini. Kwenye picha yenyewe andika kwa penseli laini tu, nyuma, pembeni, ukiwa umeilaza juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino hupenya mpaka usoni. Makabati ya shirika la utangazaji UBC yalikutwa na makumi ya maelfu ya negativu za zama za Amin na baada yake. Zilipoonyeshwa Uganda Museum mwaka 2019 ziliweza kueleweka kwa kuwa wapiga picha wa serikali walikuwa wameandika kwenye bahasha.

7. Kuhifadhi kwenye joto na unyevu wetu

Adui wetu ni unyevu wa ziwa, mchwa, na jua chini ya bati. Weka maboksi juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje na sakafu, ndani ya chumba chenye hewa. Sanduku la chuma huzuia panya na mchwa, lakini lisikae chini ya bati bila dari. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, vitie ndani na uvibadili.

Kavera, yaani mfuko wa plastiki, si bahasha. Kama unatumia plastiki, tazama namba ndani ya pembetatu: 5 ni salama, 3 ni PVC na itaiunguza picha polepole. Albamu zenye kurasa za kunata zimeharibu picha nyingi kuliko mafuriko. Usitumie selotepu, usitumie pini, usifanye laminesheni, hata fundi wa duka la fotokopi akikuhakikishia. Magazeti yahifadhi mbali na picha, kwani asidi yake husambaa. Negativu zikinuka siki zinaoza. Zitenge leo na uziskani kwanza.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Iskani ikiwa na kioo chake, kisha iache. Penye ukungu, kausha kivulini nje ya nyumba, futa kwa brashi laini kuelekea mbali nawe, na funika pua.

8. Kutoa na kuonyesha

Kabla ya kuweka picha ya mtu hadharani, rudi kwa familia na uulize. Hakimiliki ya mpiga picha ni jambo jingine tena, hivyo taja jina la studio kila mara unapolijua. Ikifika siku unataka mkusanyiko wako ukae mahali pa umma, kama jumba la makumbusho, chuo kikuu au makavazi, peleka daftari pamoja na maboksi, na pateni karatasi iliyosainiwa inayosema kama umetoa moja kwa moja au umeazima, nani anaruhusiwa kunakili, na familia zilizokupa picha zitazifikia kwa njia gani. Nakala moja ya karatasi hiyo abaki nayo mtu wa nyumbani kwako anayejua sanduku liko wapi.